Deni la Miguu



Wengi wenu mmeandika kuuliza kwa nini ukurasa huu haukutoka mwezi uliopita. Jawabu ni fupi: hatukuwapo nyumbani. Tulikuwa tumerudi Uganda, nchi ambayo si yetu kwa kuzaliwa, walakini twaipenda kama mtu apendavyo nyumba ya mjomba wake, ambako alikula akashiba alipokuwa mdogo, na ambako hakuna amwulizaye atakaa siku ngapi. Tulikwenda kulipa deni la miaka ishirini na moja. Leo tutawasimulia habari za kurudi kwetu na za siku ya kwanza ya kuielekea milima. Yaliyobaki, tukijaliwa, mtayasoma mwezi ujao.

Kwanza yafaa mjue deni lenyewe lilivyotokea.

Sisi tulizaliwa Buhaya mwaka 1979, vita vikiwa havijaisha. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na mapema mwezi wa Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Mama yetu alikimbia kwa miguu hata Muleba akiwa na mimba yetu. Kwa hiyo katika nyumba tuliyolelewa jina la Uganda halikutajwa kwa wema. Hata mwaka 2003, tulipoambiwa kwamba twapelekwa kufundisha Kiswahili katika shule ndogo chini ya milima ya Rwenzori, mama alilia siku tatu, akatufungia ndizi kavu na dawa za homa kana kwamba twaenda jela.

Huko tulipewa chumba katika nyumba ya mtu mmoja wa kabila la Wakonzo, ambao ndio wenyeji wa milima ile. Alikuwa mtu wa makamo, mkulima wa kahawa, na kazi yake ya pili ilikuwa upagazi, yaani kubeba mizigo ya wageni wapandao Rwenzori. Ni mtoto wa tatu wa kiume, na kwa desturi ya Wakonzo jina la mtoto wa tatu lajulikana hata kabla hajazaliwa, kwa kuwa majina yao hufuata mpango wa kuzaliwa. Kiswahili alikijua vema, kile cha Beni na Butembo, maana ujana wake aliupitisha akivuka mpaka wa Kongo kuuza chumvi ya Katwe. Jioni alituketisha karibu na moto, naye mkewe akatuletea maziwa, na binti yao mdogo, mwenye umri wa miaka tisa, akasimama mlangoni akitazama jinsi Mtanzania anavyokunywa.

Mwezi wa Januari mwaka 2004, shule ikiwa imefungwa, mwenyeji wetu alitualika tupande pamoja naye na walimu wawili, tufike ziwa la Bujuku, tuione theluji. Sisi tulikuwa vijana wenye nguvu na wenye kiburi. Tulipanda upesi kupita wenzetu, wala hatukusikia tulipoambiwa twende polepole. Bujuku ni mahali palipo juu sana, mita 3,962 kutoka usawa wa bahari. Usiku ule kichwa kilituuma kama kinachopigwa nyundo, tukatapika, kisha tukaanza kusema maneno yasiyo na maana. Mwenyeji wetu alitutazama kwa taa, akawaambia wenzake, “Huyu akikaa hapa mpaka asubuhi, tutashusha maiti.” Maana ugonjwa ule wa vilele dawa yake iliyo kuu ni moja tu, kumshusha mgonjwa. Basi akatufunga mgongoni kwa blanketi kama mtoto, akashuka nasi tangu saa nane za usiku hata jua likapanda, katika matope ya kinamasi cha Bigo yanayofika magotini, na mvua juu yake. Tulipofika kibanda cha John Matte akili zilikuwa zimeturudia, na yeye miguu yake ilikuwa imechubuka hata damu.

Siku tulipoagana tulimpa mshahara wetu wa mwezi mzima. Akaurudisha. Akasema, “Mwalimu, miguu hailipwi kwa fedha. Miguu hulipwa kwa miguu. Siku moja nitakuita.”

Tukarudi Buhaya. Mama akatuuliza kama watu wa Uganda walitutenda mabaya. Tukamwambia, “Mama, mmoja wao alitubeba mgongoni usiku kucha.” Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, “Basi yule naye ni mama yako.” Tangu siku ile hakuisema tena nchi ile kwa ubaya.

Miaka ikapita. Tukaoa, tukapata watoto, na kazi zikatuzunguka. Mara kwa mara tulituma salaam kwa simu, walakini safari tuliiahirisha kila mwaka, kama tunavyofanya wengi wetu kwa watu tuwapendao. Hata mwezi wa Juni mwaka 2025 simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nayo hatukuitambua. Akasema, “Mwalimu, ni mimi niliyesimama mlangoni. Baba anasema, sasa anaitaka ile miguu.”

Tuliondoka Bukoba kwa basi la alfajiri. Tukapita Kyaka juu ya mto Kagera, na ijapokuwa daraja la sasa ni jingine, kila tupitapo pale twamkumbuka mama akikimbia. Mutukula tukagonga mihuri, tukavuka. Kisha Masaka. Mji huu tuliupita kimya, maana si haki kukumbuka Kyaka na kuisahau Masaka: Februari 1979 mizinga ya jeshi letu iliubomoa vibaya sana, na waliokuwa wakikaa mle nao walikuwa na mama zao. Kuipenda nchi nyingine kwatufundisha jambo hili, kwamba hesabu ya machozi ina kurasa mbili.

Kutoka Mbarara njia yapita katika nchi ya Ankole, penye ng'ombe wa pembe ndefu na mashamba ya ndizi yanayofanana na ya kwetu hata macho yakadanganyika. Kisha, baada ya Ishaka na misitu iliyo mbele yake, nchi yaanguka ghafula kwenye mteremko mkubwa wa Bonde la Ufa, na chini waona mbuga pana yenye tembo na nyati. Tukavuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa Edward na ziwa George, viboko wakiwa ndani ya maji kama mawe. Mbele kidogo, Kikorongo, dereva akapaza sauti, “Ikweta!” na abiria wote wakageuka kutazama alama iliyo kando ya njia. Sisi tulitazama upande wa kushoto, tukitafuta milima. Hatukuiona. Palikuwa na ukuta wa mawingu tu, kama ilivyo siku nyingi za mwaka. Hata Henry Stanley, aliyefika karibu na milima hii katika safari yake ya kwanza katika nchi hizo, hakuiona mpaka alipoirudia mwaka 1888, siku mawingu yalipofunguka. Pamoja naye walikuwako wapagazi wengi wa Unguja, kwa hiyo huenda Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za wageni zilizotamkwa mwanzo mbele ya theluji ile.

Kasese tulishuka. Mwaka 2003, tukizungumza Kiswahili sokoni, wengine walituangalia kwa shaka, maana kwa watu wengi wa Uganda hiyo ilikuwa lugha ya askari na ya wanyang'anyi wenye bunduki, na walikuwa na sababu zao. Safari hii mtoto wa shule mwenye sare alitusogelea akatuamkia, “Shikamoo, Mwalimu.” Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Kazi ingali nyingi, walakini salaam ile moja ilitutosha kwa siku ile.

Kutoka Kasese tulipanda pikipiki kuelekea Nyakalengija, kijiji kilicho langoni mwa milima. Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba tumerudi mahali palepale na si palepale. Nyumba ile tuliyokaa haipo. Palipokuwa nyumba, jiko, na shamba la kahawa, sasa pana mawe makubwa meupe, mengine mazito kuliko gari, na mto Mubuku wapita katikati yake ukinguruma. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha juu ya milima, na mito ya Kasese, Nyamwamba na Mubuku na mingineyo, ikashuka na miti na mawe, ikachukua watu, nyumba na madaraja. Mwezi wa Mei mwaka 2020 mito ikafurika tena, na maelfu ya watu wakakosa makao. Mwenyeji wetu alinusurika kwa kuwa aliusikia mto ukibadili sauti. Alijenga tena juu zaidi, mlimani.

Tulimkuta ameketi kibarazani, fimbo kando yake. Amezidi miaka sabini. Goti la kulia limekufa, na jicho moja limeingia ukungu. Tulipopiga magoti kumwamkia alituwekea mkono kichwani, akapapasa, akasema, “Kimepungua nywele, lakini ni kichwa kilekile kilichokuwa kikinipiga begani.” Tukacheka, kisha tukalia kidogo. Mkewe hakuwapo. Alifariki mwaka 2016, na kabla ya kupewa maji ya kunywa tulipelekwa kwanza kuliona kaburi lake, lililo chini ya mti wa parachichi.

Baada ya chakula mzee akatuambia alichotuitia.

“Mara ya kwanza nilipobeba mzigo,” alisema, “nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Chini ya mlima Speke, ukiwa Bujuku, pana jabali jeusi lililo kama ng'ombe aliyelala. Siku zile barafu ilishuka ikafika pembeni mwa ng'ombe, kama maziwa yaliyomwagika. Tulipopanda nawe, ilikuwa imekwisha kumwacha. Ulikuwa mgonjwa, hukuona vizuri. Mimi niliona. Sasa goti langu limekataa, na ni miaka tisa sijafika. Nenda Bujuku. Amka mapema kabla ya mawingu. Tazama juu ya ng'ombe, uniambie barafu iko wapi. Hilo tu ndilo deni.”

Tukamjibu kwamba tutakwenda. Neno jepesi kusema.

Wasomaji wetu, lazima tuwaambie kwamba jibu tulikuwa nalo tayari mfukoni, maana habari za barafu ya Rwenzori zimeandikwa. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alikifikia kilele kirefu kuliko vyote, akakipa jina la malkia wao, Margherita. Kimo chake ni mita 5,109. Pamoja naye alikuwapo mpiga picha Vittorio Sella, na picha zake zimekuwa kama hati ya mirathi, maana kwazo twajua kilichokuwapo. Wakati ule barafu za Rwenzori zilihesabiwa 43, juu ya milima sita, na eneo lake lote lilikuwa yapata kilomita za mraba 7.5. Kufikia mwaka 2005 ilisalia milima mitatu tu yenye barafu, Stanley, Speke na Baker, na eneo lilikuwa yapata kilomita za mraba 1.5. Leo halifiki hata kilomita moja, na hicho kilichobaki karibu chote ki juu ya mlima Stanley. Kilimanjaro yetu nayo imo katika njia hiyohiyo. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za mwisho za Afrika zaelekea kutoweka kabla ya mwaka 2050. Sababu iliyo kubwa ni joto la dunia, linaloongezwa na moshi wa makaa ya mawe na mafuta. Nao waliochoma vingi wako mbali sana na Nyakalengija, ambako mzee huyu maisha yake yote amechoma kuni za kupikia na mafuta ya taa ya kusomea.

Wengine husema barafu ikiisha mito itakauka. Yafaa kusema kweli hapa pia. Wataalamu waliopima maji ya mto Mubuku walionyesha kwamba sehemu itokayo kwenye barafu, mto ufikapo chini, haifiki hata mbili katika mia. Mto huo ni mtoto wa mvua, si wa barafu. Kwa hiyo Wakonzo hawatakufa kwa kiu kwa sababu ya barafu. Wanachopoteza ni kitu kingine. Katika lugha yao theluji huitwa nzururu, na kutokana nalo nchi yao huitwa Rwenzururu; na wazee wao walisema kwamba Kitasamba, mwenye mlima, akaa katika weupe ule. Sisi twaamini mengine, walakini twaweza kufahamu mzee akiona juu ya nyumba yake jina la nchi yake likifutika herufi kwa herufi.

Usiku, mzee alipokwisha lala, binti yake alitufuata kibarazani. Sasa ni mwanamke wa miaka thelathini, mwalimu katika shule ileile tuliyofundisha. Akaketi chini, akasema kwa sauti ndogo:

“Mwalimu, nina ombi. Utakaporudi, mwambie barafu ipo. Mwambie imesogea kidogo tu. Kaka yangu hubeba mizigo, ameniambia juu ya Speke hakuna kitu tena ila mwamba. Baba hatapanda tena kuhakikisha. Ana miaka mingapi iliyobaki? Mwache alale na mlima wake mweupe. Ni neno moja tu, nawe humwibii mtu.”

Hatukumjibu. Tulimwambia tutafikiri, tukaingia kulala, na usingizi haukuja.

Katika kazi yetu tumewafundisha watoto mara nyingi kwamba uongo ni uongo hata ukivikwa nguo ya huruma. Ni rahisi kufundisha hivyo ubaoni. Walakini usiku ule tuliisikia pumzi ya yule mzee upande wa pili wa ukuta, pumzi ileile tuliyoisikia tukiwa mgongoni pake, na tukajiuliza: ni nani sisi tumchukulie mtu huyu kitu cha mwisho? Alitushusha ili tuishi. Je, sisi tupande ili tumletee msiba? Na upande mwingine, hakututuma kuleta faraja. Faraja angeipata kwa majirani. Alituma macho. Mtu akikuazima macho yako, nawe ukamrudishia picha uliyoichora mwenyewe, je, umelipa deni au umeongeza la pili? Tulizunguka na maneno hayo hata jogoo wakawika, wala hatukupata neno la mwisho.

Asubuhi, tukifunga mizigo, mzee alitoka na fimbo yake. Binti alikuwa akitufungia viazi na chupa ya chai. Mzee akaketi, akasema bila kumtazama mtu:

“Kuta za nyumba hii ni nyembamba.”

Binti akaacha kufunga.

“Mwanangu,” mzee akasema, “sikukasirika. Ila nitamwambia Mwalimu jambo ambalo hajui. Mama yako alipokufa, nilikuwa Bujuku na wageni. Habari ilifika kwa simu siku ileile. Mliwaambia wenzangu wanifiche mpaka nishuke, nisije nikateleza kwa majonzi. Siku tatu, Mwalimu. Siku tatu nilibeba, nikapika, nikawaimbia wageni jioni, nikacheka. Nilikuwa mgane nami sijui. Nilipofika hapa alikuwa amekwisha zikwa. Mlifanya kwa upendo. Najua. Lakini siku zile tatu hazijanitoka hata leo; naona aibu kwamba nilicheka.” Akanyamaza kidogo. “Kama barafu imekufa, mimi ni wa nyumba hiyo. Niambiwe. Nikae matanga yangu.”

Hakuna aliyesema neno. Mto tu ulisikika. Kisha binti akachukua kitambaa, akamaliza kufunga viazi, akatutia mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, “Mwambie, basi. Lakini umwambie ukiwa umekaa, si mlangoni. Na mimi niwepo.”

“Na uwepo,” mzee akasema. “Safari hii na uwepo.”

Ndipo tulipojua la kufanya, na mzigo ukawa mwepesi kuliko ulivyokuwa usiku, ingawa habari tutakayoileta haikubadilika hata kidogo.

Tukashuka mpaka kituo cha mbuga. Milima ya Rwenzori ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikatiwa katika urithi wa dunia. Jina letu likaandikwa kitabuni, mizigo ikapimwa kwa mizani ili mpagazi asibebeshwe kupita kiasi, tukapewa mwongoza njia. Mpagazi wetu alikuwa yule kaka wa binti, yaani mtoto wa mzee. Tulipotaka kubeba mzigo wenyewe alicheka, akasema, “Baba ameniagiza: mwendee polepole, huyu ana historia.” Tukavaa mabuti ya mpira, ambayo huko ni ya lazima kuliko koti.

Njia yaanza kati ya mashamba ya Wakonzo: kahawa, mihogo, ndizi, na watoto wakipiga kelele za salaam. Baada ya hapo mashamba yakoma ghafula na msitu waanza. Mubuku u mkono mmoja, mweupe kwa povu, nao hauachi kusema. Tulimwona kinyonga mwenye pembe tatu juu ya tawi, tukawasikia mbega wakinguruma upande wa pili wa bonde. Tulivuka kijito cha Mahoma, kisha mlima ukasimama wima, na pale tulilikumbuka neno la polepole. Tulihesabu pumzi. Vijana wawili wa Kizungu walitupita wakicheka, nasi tukawaacha wapite. Tuliwajua, maana mwaka 2004 tulikuwa kama wao. Jioni tukafika kibanda cha Nyabitaba, mita 2,651, yaani tulikuwa tumepanda kama mita elfu moja kwa siku moja. Goti halikuuma. Moyo ulidunda kama ngoma ya harusi, ila ulidunda sawasawa.

Kabla ya giza mawingu yalifunguka kwa dakika chache upande wa kaskazini, tukaona vilele vya Portal, vyeusi, vyenye meno. Havina theluji. Mtoto wa mzee alisimama karibu nasi, akanyosha kidole nyuma yake, akasema, “Speke iko kule. Siku ya tatu.” Kisha akatuuliza kama twaogopa. Tukamwambia kweli: twaogopa, ila si mlima.

Hapo twawaacha leo, wasomaji wetu, tukiwa tumekaa mbele ya moto wa Nyabitaba na viazi vya binti mkononi. Mwezi ujao tutawaeleza tuliyoyaona juu ya ng'ombe aliyelala, na jinsi tulivyoyasema kibarazani, tukiwa tumekaa, watu watatu.

Neno moja tu kwenu kabla hatujaweka kalamu. Tazameni kama yuko mtu aliyewabeba zamani, ambaye salaam mwamtumia na safari mwaiahirisha. Sisi tulichelewa miaka ishirini na moja, na mama wa nyumba ile, aliyetupa maziwa, tulimkuta chini ya mparachichi. Hatukuwahi kumwambia aksanti tukiwa na akili za mtu mzima. Ninyi msifanye kama sisi.

Tuonane mwezi ujao. Sisi wenu wa ukurasa huu.